Kila Mmoja na Kiti Chake Mahakamani

Wananchi wengi wakitaja mahakama humtaja mtu mmoja tu, naye ni hakimu. Mtu akishinda kesi, hakimu ni mwema. Akishindwa, hakimu amekula rushwa. Maneno ya namna hii yasikika kila siku vijiweni, katika vituo vya basi na kwenye milango ya viwanda. Hatukatai kuwa wapo mahakimu wabaya, nao sharti waadhibiwe. Lakini mahakama si mtu mmoja. Ni nyumba yenye viti vingi, na kila kiti kina mwenyewe na kazi yake. Haki hupatikana pale ambapo kila mmoja amekaa katika kiti chake, wala hakuna aliyenyosha mkono kushika kazi ya mwenzake.

Wazee wetu waliyajua haya kwa uchungu. Wakati wa utawala wa Waingereza, Tanganyika ilikuwa na mahakama za namna mbili. Ilikuwako Mahakama Kuu, iliyoanzishwa mwaka 1920, na zilikuwako mahakama za wenyeji, ambazo sheria ya mwaka 1929 iliziweka chini ya watawala, mbali na Mahakama Kuu. Katika mabaraza hayo, chifu aliyesimamia kodi na kutangaza amri za serikali ndiye huyo huyo aliyekaa kuwahukumu waliokaidi. Na mtu akitaka rufaa, rufaa yake ilikwenda kwa Bwana D.C., mkubwa wa chifu yule yule. Hiyo ndiyo kesi ya ngedere aliyopewa nyani.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliuvunja mpango huo. Zikaja Mahakama za Mwanzo, za Wilaya, na juu yao Mahakama Kuu, ngazi moja kwa watu wote bila kutazama rangi. Kazi ya rufaa ikatoka mikononi mwa utawala. Mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, ikaanzishwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na ngazi ya mwisho nayo ikawa yetu wenyewe. Mabadiliko haya ni sehemu ya Uhuru. Asiyeyathamini hajui alitoka wapi.

Sasa tuvitazame viti vyenyewe.

Jaji au hakimu ni kama refa. Hutazama sheria za mchezo zifuatwe, husikiliza pande zote, kisha hutoa uamuzi pamoja na sababu zake. Si kazi yake kumsaidia mshitaki wala kumwonea huruma mshitakiwa. Ibara ya 107B ya Katiba yamtaka afuate Katiba na sheria za nchi tu, wala haikumtaja mkubwa mwingine yeyote.

Mwendesha mashtaka ana mzigo mzito kuliko wote, kwani ndiye anayetakiwa kuthibitisha kosa pasipo shaka. Mshitakiwa hana deni la kuthibitisha kuwa ni mwema. Katiba, katika ibara ya 13, yamhesabu hana hatia mpaka itakapothibitishwa vingine. Kwa miaka mingi polisi walikuwa wakipeleleza kesi na kuiendesha wenyewe mbele ya hakimu. Sheria ya mwaka 2008 ya huduma za mashtaka iliagiza kazi hizo mbili zitengane. Maana yake ni kuwa aliyemkamata mtu asiwe ndiye anayeamua kama ushahidi watosha kumpeleka kizimbani. Hii ni kinga ya raia, na pia ni kinga ya polisi mwaminifu.

Wakili hutukanwa mitaani kuwa ni mtetezi wa wezi. Si kweli. Wakili humtetea mtu kwa njia zilizo halali, na kwa kufanya hivyo humlazimisha mshitaki aifanye kazi yake vizuri. Shida ni kwamba kabwela hana fedha za kumwajiri. Ndiyo maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ni jambo kubwa kwa wafanyakazi na wakulima. Yafaa matawi ya vyama vya wafanyakazi yawaeleze wanachama namna ya kuitumia.

Kisha wapo wazee wa baraza. Katika Mahakama za Mwanzo, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliwapa kura kamili: hakimu mmoja, wazee wawili, na uamuzi ukifuata wengi. Katika Mahakama Kuu walitoa maoni tu, na Jaji hakufungwa nayo. Hata hivyo kiti chao kilikuwa na mipaka. Sheria ya Ushahidi iliwaruhusu kumwuliza shahidi jambo lisilowaelea, lakini si kumhoji kwa nia ya kumpinga, kwa kuwa anayempinga shahidi amekwisha chagua upande. Mara nyingi mpaka huo ulivukwa, na Mahakama ya Rufani ikayafuta mashauri mazima, yakiwamo ya mauaji. Mashahidi waliokwisha kusema wakaweza kuitwa tena baada ya miaka, na mshitakiwa akaweza kurudi mahabusu kungoja kesi ianze upya. Tazama, ndugu, hasara ya mtu mmoja kukaa katika kiti kisicho chake!

Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na sasa Jaji wa Mahakama Kuu aweza kusikiliza kesi ya jinai bila ya wazee hao. Wapo wanaofurahi kuwa kesi zitakwenda upesi. Sisi twasema upesi ni mwema, lakini mwananchi wa kawaida asipoketi karibu na Jaji, sauti yake mahakamani yabaki mahali pawili: katika lugha na katika ushahidi.

Juu ya lugha tumepiga hatua. Kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili, na Jaji akaandika Kiingereza. Mtu aliweza kufungwa kwa maneno yake mwenyewe asiweze kuyasoma. Mabadiliko ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Yafaa nafasi hiyo isigeuzwe kuwa mlango wa kurudia mazoea ya zamani.

Juu ya ushahidi lawama ni yetu. Watu kumi waona mfanyakazi akipigwa. Siku ya kesi haji hata mmoja. Mmoja aogopa kukosa ujira wa siku, mwingine aogopa maneno ya jirani. Kisha hakimu akimwachia mshitakiwa kwa kukosa ushahidi, wale wale kumi walalamika kuwa hakuna haki. Hakimu hakuwako kwenye tukio. Hawezi kuona ila kwa macho ya shahidi.

Neno la mwisho ni kwa viongozi. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliunda kamati za maadili za mikoa na wilaya, nazo huongozwa na wakuu wa mikoa na wa wilaya. Kazi yao ni kupokea malalamiko juu ya mwenendo wa mahakimu: ulevi, rushwa, uvivu, matusi. Kazi yao si kupima hukumu. Hukumu mbaya dawa yake ni rufaa. Mkuu wa wilaya anayemwita hakimu kumwuliza kwa nini amempa fulani dhamana, au katibu wa chama anayempigia simu kumwombea ndugu yake, anamrudisha Bwana D.C. aliyeondoka. Haidhuru kama nia yake ni njema. Hata Bwana D.C. alidhani nia yake ni njema.

Wanachama wana wajibu wa kumwambia kiongozi wa namna hiyo, mkutanoni na bila hofu, kuwa kiti cha hakimu si chake. Nao wenyewe wakiitwa kutoa ushahidi, waende.