Zimeni Spika, Rudini Mtaani

Ukihudhuria kikao cha kamati ya uinjilisti katika kanisa dogo lolote la Dar es Salaam, Morogoro au Tanga masika yakikaribia kuisha, ajenda kubwa huwa ni moja. Uwanja unakauka, shule zinakaribia kufungwa, basi tupange tarehe za mkutano. Swali la kama mkutano wenyewe unahitajika haliulizwi. Lilishajibiwa zamani, na aliyelijibu hakumbukwi: kanisa linalotaka kuwafikia watu wa mtaa wake hufanya mkutano wa injili wa hadhara, na mkutano ni jukwaa, spika kubwa, kwaya za kualikwa na mhubiri mgeni kutoka mkoa mwingine.

Naipinga imani hiyo. Sipingi Injili kutangazwa, wala sipingi kutangazwa kwa sauti. Ninachokataa ni kuamini kwamba kanisa la watu sitini au themanini, linalojulikana na mtaa mzima kwa bati lake na kengele yake, likikosa kupanda jukwaani halijashuhudia. Ninachokiona mwaka hadi mwaka ni kinyume chake. Mkutano wa hadhara ndio unaoliwezesha kanisa dogo kukaa miezi kumi na moja bila kumweleza jirani hata mmoja habari za Yesu, na dhamiri yake isilisute.

Tuanze na fedha, maana ni fedha za watu wa hali ya chini. Kuna kukodi vyombo na kumlipa fundi mitambo. Kuna jenereta na mafuta yake, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mahubiri kazi imeharibika. Kuna jukwaa, mabango, gari la matangazo, kibali, nauli ya mhubiri na msafara wake, chumba cha kulala, chakula, na mwishoni bahasha ya shukrani. Hayo yote yamelipwa na mama muuza maandazi na kijana wa bodaboda waliojaza kadi za ahadi tangu Januari. Wametoa kwa moyo, na ndiyo sababu naandika kwa ukali: sadaka ya namna hiyo inastahili kuulizwa imekwenda wapi na imezaa nini.

Jibu limo kwenye daftari. Kila mkutano una daftari la waliookoka, lile linalojazwa na wahudumu pembeni ya jukwaa wakati watu wanaongozwa sala ya toba. Nimeyafunua baadhi ya madaftari hayo. Jina ni moja tu, halina la baba. Namba ya simu imepungua tarakimu. Mahali anapoishi pameandikwa "karibu na mashine ya kusaga", na mtaa una mashine tatu. Baadhi ya majina ni ya watoto waliokwenda mbele kwa sababu wenzao wamekwenda. Mengine ni ya waumini wa makanisa jirani waliotaka kuombewa, na yapo yanayojirudia kila mwaka. Wiki ya kwanza simu zinapigwa, wachache wanapokea. Wiki ya tatu kamati imechoka na mwenye vyombo anadai salio. Daftari linarudi kabatini, ila idadi yake imeshatumwa makao makuu kama matunda ya mwaka.

Halafu kuna waliosikiliza bila kupenda. Spika hazichagui. Zinamfikia mzazi mwenye kichanga, mlinzi aliyetoka zamu ya usiku, mgonjwa, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Kanuni za kudhibiti kelele zipo, Kenya tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, na kanisa halipaswi kusubiri ofisa wa mazingira alifundishe upendo kwa jirani. Kibaya zaidi ni pale mhubiri mgeni anapoanza kuisema vibaya dini ya mwenye nyumba ya pili. Jumatatu yeye yuko kwenye basi. Tunaobaki na yule jirani dukani, kisimani na kwenye foleni ya zahanati ni sisi.

Najua nitakachoambiwa: mbona wengi waliokoka mikutanoni? Ni kweli, na wengine ni wachungaji wetu leo. Wapo pia watakaonitajia Billy Graham, aliyehubiri Moshi mwaka 1960 mbele ya umati mkubwa. Basi tumtazame vizuri. Shirika lake lilikuwa na mpango uliopewa jina la mtume Andrea, yule aliyemtafuta kwanza ndugu yake Simoni akampeleka kwa Yesu. Kabla ya mkutano kila Mkristo aliandika majina ya watu anaowafahamu, akawaombea kwa majina, akawafuata, akaja nao na kukaa nao. Hata mhubiri aliyejaza viwanja kuliko karibu wote wa karne yake hakutegemea uwanja peke yake. Sisi tuliiga jukwaa, tukaiacha orodha. Na mkalimani wake wa Kiswahili, Festo Kivengere, hakuzaliwa kiimani na jukwaa la mgeni. Alitoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, na miaka ya 1940 alitoka kwao Uganda akahamia Dodoma, akaishi huko kama mwalimu wa shule.

Uamsho huo ndio ushahidi wangu mkubwa, maana ni wa kwetu. Uliwaka miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, penye hospitali ndogo ya misheni. Waliouanza walikuwa daktari Joe Church, Mganda Simeoni Nsibambi, mwalimu Blasio Kigozi, mhudumu wa hospitali Yosiya Kinuka. Ulivuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukaingia Bukoba na kwingineko. Mikutano mikubwa ilikuwapo, ule wa Kabale mwaka 1935 unakumbukwa hadi leo. Lakini baina ya mkutano na mkutano kulikuwa na vikundi vya ushirika vilivyokutana kila wiki, watu wakiungama mbele ya wenzao. Na lililowashangaza majirani lilikuwa jambo la kuonekana kwa macho: mtu aliyeokoka alirudisha alichoiba, alilipa deni, alimwendea adui yake kuomba msamaha. Hapakuhitajika spika. Mtaa mzima ulijua kwamba fulani amerudisha mbuzi.

Rudi nyuma zaidi, mwaka 1920. Waingereza walipowafukuza wamisionari wa Kijerumani Tanganyika, Walutheri wa Kilimanjaro walibaki na walimu wao wenyewe, watu wa vijijini wasio na bajeti ya kutajwa. Kanisa halikufa. Bruno Gutmann aliporudi katikati ya muongo huo alilikuta hai, na yeye mwenyewe aliamini kwamba kanisa hukua ndani ya ukoo, ujirani na rika. Maaskofu Katoliki wa ukanda wetu nao, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, waliamua kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani. Walutheri nao wanazo jumuiya zao. Inasikitisha kwamba jumuiya nyingi leo zimegeuka vituo vya kukusanyia michango, lakini mfumo upo, na ni bora kuliko jukwaa lolote la kukodi.

Na Paulo je? Alihubiri Athene mbele ya wasomi, walioamini walikuwa wachache. Alipofika Korintho akapanga kwa Akila na Prisila, akashona mahema pamoja nao, akakaa mwaka na nusu. Efeso alifundisha kila siku kwa miaka miwili katika darasa la mtu mmoja aitwaye Tirano. Tunapenda kumtaja kama msafiri. Makanisa yake makubwa aliyapata alikokaa.

Sasa tuje mtaani, kwenye msiba, kwa sababu hapo ndipo kanisa dogo linapopimwa na ndipo linapofeli mara nyingi. Mtu amefariki usiku. Kabla jua halijapanda sana turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa nje, mikeka imetandikwa ndani, kuna mtu na daftari la rambirambi, na wanawake wa mtaa wameshaleta sufuria. Wako Wakristo na Waislamu, hawaulizani. Kanisa linafika na sare za kwaya. Linaimba vizuri. Mhubiri anachukua nafasi, na kwa kuwa umati uko mbele yake anaufanya msiba mkutano: anawatisha walio hai kwa kifo cha aliyelala kwenye jeneza. Baada ya maziko kanisa linapanda gari. Anayebaki kuosha sufuria na kuteka maji ni yule mama wa nyumba ya pili anayevaa hijabu. Mtaa umeona, nao una kumbukumbu ndefu.

Siku ya tatu matanga yanaanuliwa. Turubai linakunjwa, ndugu wanapanda mabasi kurudi mikoani, na mjane anabaki na watoto. Hapo ndipo shida zake zinapoanza. Anatakiwa kufuatilia cheti cha kifo RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Anatakiwa kuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi, na pengine shemeji hataki kikao kikae. Anatakiwa kufungua shauri la mirathi mahakama ya mwanzo, na hajawahi kukanyaga mahakamani maishani mwake. Mwenye nyumba anauliza kodi. Pesa za mume zilizo benki hazigusiki bila karatasi ya mahakama.

Kila kanisa dogo ninalolijua lina angalau mtu mmoja aliyewahi kupita njia hiyo: mwalimu mstaafu, karani, mjane mwenzake. Muumini huyo akimwendea na kumwambia, "Mama, kesho nitakusindikiza mahakamani, nami nilizunguka hivihivi," ameingia nyumba ambayo spika zilipita juu ya bati lake. Akienda naye mara ya pili na ya tatu, hakimu akiahirisha na yeye asichoke, siku moja mjane atauliza mwenyewe kinachomfanya awe hivyo. Aulizwe hapo, na ajibu.

Je, atajibu? Hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko zote za utamaduni wa mikutano. Tumewalea waumini kuwa wabeba viti. Miaka kumi wamepanga mabenchi, wamepika chakula cha wageni, wamesimama langoni na beji kifuani, na kazi ya kusema wamemwachia mhubiri mgeni. Mkalishe mmoja wao na umuulize kwa nini anamwamini Kristo, na maisha yake yalibadilika nini. Atakurushia mistari aliyoisikia kwenye spika, au atakwambia, "Njoo Jumapili, mchungaji atakueleza." Ni watu wenye imani ya kweli, nimewaona wakifa nayo. Hawajafundishwa kuisema kwa maneno yao, jikoni, kwa sauti ya kawaida, kwa mtu ambaye kesho wataonana naye tena. Jioni sita za mazoezi ya jambo hilo zingelifaa kanisa kuliko siku saba za uwanjani.

Naongeza onyo moja, maana kuna wanaokubali haya yote kisha wakayaharibu. Msaada usiwe chambo. Ukimsindikiza mjane ili aje kanisani, asipokuja utamwacha, naye atajua kwamba ulikuwa mfanyabiashara. Kanisa likifungua jengo lake jioni ili watoto wa mtaa wasome penye taa na madawati, na lifungue, maana ni aibu majengo yetu kufungwa kufuli Jumatatu hadi Ijumaa huku watoto wakisomea vibarazani, basi watoto wasome. Mzazi Mwislamu aambiwe mapema kinachofanyika humo, awe na ruhusa ya kuja kuangalia saa yoyote, na mtoto wake asihubiriwe kwa mlango wa nyuma. Wawepo watu wazima wawili wanaojulikana, si mmoja. Injili haihitaji kumvizia mtoto wa jirani.

Wachungaji wananiambia kikwazo ni ripoti. Fomu ya makao makuu ina mstari wa mikutano iliyofanyika na mstari wa waliookoka. Haina pa kuandika kwamba muumini wetu alikwenda mahakamani mara nne na mke wa marehemu. Hilo ni la maaskofu na waangalizi kulirekebisha, na walirekebishe, kwa sababu mchungaji mwenye usharika mdogo atafanya kile anachopimwa nacho.

Kamati nayo isisubiri maaskofu. Fedha za mkutano wa mwaka huu bado hazijalipwa kwa mwenye vyombo. Ziwekwe kwenye kasma ya misiba na wagonjwa: nauli za mahakamani na hospitali, maji, kuni, mchele, taa za jengo kuwaka hadi saa mbili usiku. Kila muumini aandike majina matano ya watu anaoishi nao ukuta kwa ukuta, ayaombee kila siku, na ajue ni nani kati yao anaumwa. Kila shina la mtaa liwe na waumini wawili ambao balozi anazo namba zao, ili msiba ukitokea usiku wawe wa kwanza kufika na ndoo na wa mwisho kuondoka. Masika yajayo kamati ikae tena na orodha hizo badala ya lile daftari, ipitie jina moja baada ya jingine, na ndipo iamue kama kuna haja ya kupiga simu kwa mwenye spika.