AR mashuleni: Mbwera tusianzie maabara, tuanzie mashine ya boti

Siku hizi wakubwa wakizungumzia elimu hawamalizi bila kutaja AR, yaani uhalisia ulioongezwa. Kwa lugha ya kijiweni: unaelekeza kamera ya simu kwenye kitu, programu inakitambua, halafu inachora picha au maandishi juu yake hapohapo kwenye kioo. Waliocheza Pokémon Go mwaka 2016 wananielewa.

Kuna wanaosema shule isiyo na maabara itaokolewa na simu. Mimi sikubali. Kwenye vitendo vya Kemia kidato cha nne unashika bureti, unafungua koki taratibu, unasubiri rangi ibadilike. Tone likizidi umeharibu. Bureti ya kwenye kioo haimwagiki, jamani! Mtoto wa delta afundishwe kwa picha, halafu mtihani mmoja na aliyeshika chupa yenyewe? Hiyo si haki hata kidogo. Na ni kisingizio kizuri cha kutomalizia maabara.

Lakini AR yenyewe haikuanzia darasani. Jina lilitoka Boeing, kampuni ya ndege ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tom Caudell na mwenzake David Mizell walitaka fundi anayepanga nyaya avae kifaa machoni kimwonyeshe kila waya unapita wapi, aachane na kusoma michoro. Walimfikiria fundi.

Sasa huku Mbwera, delta ya Rufiji, boti ndiyo daladala, na mama mjamzito akizidiwa usiku ndiyo ambulansi. Mashine ikiacha kutema maji katikati ya mto, inachemka, mnabaki mnaelea. Ufundi wake vijana wengi wanaupata kwa kuchungulia begani kwa fundi. Hapo ndipo AR inafaa: mshale juu ya bolti ya kufungua kwanza, pampu ya maji iko wapi, na spana bado iko mkononi mwako. Mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, kwa hiyo mlango upo.

Ila simu nyingi za bei chee hazimo kwenye orodha ya zinazokubali ARCore ya Google, na mtandao wa huku kwenye mikoko mnaujua wenyewe. Somo lipakuliwe kabisa Kibiti, liingie kwenye tableti ya shule, liwe kwa Kiswahili cha mafundi wetu. Nani atalitengeneza, na kwa hela ya nani? Naomba kuwasilisha.