Waraka Uliopitwa na Wakati

Anayetaka kuunda kiini cha mfumo endeshi wa Linux kutokana na msimbo wake hana budi kuusoma kwanza waraka wa mahitaji. Humo hutajwa zana zinazopaswa kuwapo kwenye kompyuta yake, hasa kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Watayarishi wengi wa programu huuona waraka wa namna hii kuwa kazi ya pembeni. Kwa maoni yangu ni sehemu ya programu yenyewe, na abadiliye msimbo bila kuugusa waraka hajamaliza kazi.

Hadi mwaka 2018 waraka wa Linux ulieleza kuwa kompaila ya GCC toleo la 3.2, lililotolewa mwaka 2002, lingetosha. Kumbe kwa aina kadhaa za vichakataji, matoleo makongwe yalikuwa yamekwisha kushindwa kuushughulikia msimbo mpya. Mwaka huo kiwango kikapandishwa hadi 4.6, kufikia 2021 kilikuwa 5.1.

Aumiaye si mzoefu, kwani yeye hayasomi tena mahitaji hayo, anayajua. Aumiaye ni mgeni. Huliamini andiko, na kazi inapokwama hujilaumu mwenyewe, hufuta kila kitu, hununua bando jingine la intaneti ili apakue upya zana zilezile. Wapo wanaokata tamaa wakidhani akili zao ndizo pungufu.

Kuwahimiza watu wawe waangalifu hakutoshi. Siku hizi Linux ina programu ndogo inayohifadhi viwango hivyo, na kompaila iliyo chini ya kiwango hukataliwa mapema. Ndani yake mna agizo kwamba apandishaye kiwango aubadilishe na waraka pia. Ni hatua njema, ila namba moja ingali inaishi mahali pawili, ikitegemea kumbukumbu ya binadamu. Afadhali jedwali la waraka lizalishwe na programu hiyohiyo.

Lipo pia suala la lugha, ambalo ninyi walimu watarajiwa mnalifahamu kuliko watayarishi wa programu. Tukiandika “GCC 3.2 hutosha”, kiambishi hu- hakifungwi na wakati wowote, sentensi hudai kuwa kweli daima. Lakini tukiandika “Linux 5.15 inahitaji GCC 5.1 au toleo la baadaye”, msomaji mwenye Linux nyingine atatambua mara moja kwamba hakuandikiwa yeye.