Kuigiza si Kujifanya



Anayeigiza katika mchezo wa siku ya mahafali, watazamaji wote wanajua kuwa anaigiza. Anayejifanya hataki ajulikane. Basi sisi tunaoitikia "hadhir" jina la mwenzetu linapoitwa, naye yuko uwanjani anacheza mpira, hatuigizi, tunajifanya. Na sisi tunaosikia tukanyamaza, tunajitia hamnazo. Yatazameni maneno hayo mawili: yote yana "ji", kwani madhara humrudia mtendaji mwenyewe. Ustadh huenda akadanganyika. Mwenyezi Mungu hadanganyiki. Mazoea hayo huzaa unafiki, na wanafiki wameteremshiwa sura nzima, Al-Munaafiquun, sura ya 63. Likiitwa jina la asiyekuwepo, tuseme hayupo. Huko ndiko kumpenda mwenzetu.