Kiki haimtoi mtu mahabusu: staa wa vichekesho atafute wakili, kamera ipumzike

Mjini hapa stori ni moja tu wiki hii. Mchekeshaji anayependwa na vijana wa Dar kwa video zake fupi ana kesi ya kujaribu kuvunja nyumba usiku. Inadaiwa alikutwa saa nane usiku dirishani kwa aliyekuwa mpenzi wake, bisibisi mkononi, na nondo mbili za dirisha zimeshalegea. Majirani wakaamka, kelele za mwizi zikapigwa. Bahati yake mjumbe alifika kabla ya mawe.

Hadi hapo ni tuhuma. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inasema mtu asichukuliwe kuwa ni mkosaji mpaka ithibitike. Kwa hiyo wale walioanza kumuita "mwizi wa nondo" wamewahi mno.

Tatizo ni alichofanya baada ya kupata dhamana. Hakwenda kwa wakili, aliingia laivu.

Maelfu ya watu wakamsikia akisema: "Ndiyo nilikuwa nataka kuingia, laptop na maiki ni zangu, na nilitaka nimtie adabu kidogo." Mashabiki wakamwaga vicheko na mioyo. Wengine wakaandika "mwanaume kasema ukweli". Kumbe jamaa kajichimbia shimo kwa mdomo wake, tena kwa HD.

Sheria iko hivi. Kuvunja nyumba ya watu na kuingia kwa nia ya kutenda kosa, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inataja kifungo hadi miaka 14. Likifanyika usiku, hadi miaka 20. Kujaribu ni kosa dogo kuliko hilo, ila bado linaweza kumpeleka mtu jela. Na kwenye kesi ya kujaribu, ambapo hakuna kilichoibwa na hakuna aliyeingia, mzigo mkubwa wa upande wa mashtaka ni mambo mawili: kitendo kilichoonekana na nia iliyokuwa kichwani. Bisibisi na nondo vinaonekana kwa macho. Nia haionekani. Inatafutwa kwenye mazingira, na kwenye maneno ya mshtakiwa mwenyewe.

Sasa yeye kaitoa bure.

Kinachouma zaidi ni kwamba huenda alikuwa na cha kujitetea. Sheria hiyohiyo inamtambua mtu aliyeamini kwa dhati kwamba mali anayoifuata ni yake na hana nia ya kudhulumu. Risiti ya laptop, meseji za kuomba arudishiwe vitu vyake, shahidi aliyekuwepo siku anainunua maiki: hivyo vyote wakili angevipanga kwa utulivu na kuona kama vina uzito. Hakuna uhakika kwamba vingemsafisha, maana kudai chako hakukupi ruhusa ya kung'oa dirisha la mtu usiku. Lakini angalau pangekuwa na pa kuanzia.

Halafu akaongeza "nimtie adabu". Sheria haisemi nia ya kuiba tu, inasema nia ya kutenda kosa. Kumpiga au kumtisha mwanamke ndani kwake nako ni kosa. Kwa maneno hayo, mtu aliyekuwa anadai laptop yake kawa mtu aliyemfuata ex wake usiku wa manane ili amuumize.

Na huyo ex ni binadamu. Alikuwa amelala peke yake, akasikia chuma kinakwaruza dirishani. Leo anatukanwa na mashabiki kana kwamba ndiye aliyeshika bisibisi. Wanaodhani wanamsaidia staa wao kwa kumshambulia huyo dada wanamponza. Huyo ni shahidi. Mshtakiwa akionekana anamsumbua shahidi, yeye mwenyewe au kupitia watu wake, dhamana inaweza kufutwa na akasubiri hukumu akiwa Keko.

Kwa hiyo marafiki wanaomzunguka wafanye nini? Kwanza wamfungie simu. Ile video asiipandishe tena, asiielezee, asitoe "part two". Kuomba msamaha laivu nako ni kuongea juu ya kesi. Kama ana la kumwambia huyo dada, lipitie kwa wakili.

Pili, wakili awe wakili kweli. Vishoka wamejaa nje ya mahakama zetu, suti kali na mkoba, "nipe laki mbili niongee na hakimu". Huyo ni tapeli, na anaweza kumuongezea mshtakiwa kesi ya rushwa juu ya ile aliyonayo. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni. Unaandika jina la wakili, unaona kama yumo na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Dakika mbili tu, tena kwa simu hiyohiyo ya kuingilia laivu.

Tatu, kama hela hakuna, kusiwe na aibu. Followers wengi si pesa nyingi, mjini tunajuana. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kuna taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zinazosaidia wasio na uwezo. Wapo pia wasaidizi wa kisheria mitaani wanaoweza kumuelekeza mtu pa kuanzia. Hao hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini ushauri wao unazuia mtu kukosea mapema. Mahakama nayo inaweza kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada, haki ikihitaji hivyo. Ila lazima aseme kwamba hana.

Nne, ampe wakili ukweli wote, hata ule wa kuaibisha. Alisaini nini polisi kwenye maelezo ya onyo? Aliambiwa kwamba halazimiki kujibu, na kwamba anaweza kuwa na wakili au ndugu wakati wa mahojiano? Wakili anayesikia jambo jipya kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu hana cha kufanya.

Vijana wa mjini wamezoea kwamba skendo ni mtaji: ukitukanwa leo, kesho unapata tangazo la soda. Kwenye mapenzi na bifu za muziki labda. Kwenye kesi ya jinai haiendi hivyo. Hakimu hahesabu likes, na mama wa huyu kijana, aliyezunguka na barua ya serikali ya mtaa akitafuta wadhamini, hakuzunguka ili mwanaye apate views.

Kesi itatajwa tena. Siku hiyo staa afike mapema, avae shati la heshima, akae kimya na aache wakili aongee. Utani usubiri hukumu.