LUKU haijui jina la mpangaji

BARAZA LA MAKUTI
Na Bin Makuti

Mwaka 2024 TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, iliwataka wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, waboreshe mita zao kabla ya Novemba 24. Ukinunua umeme ulipokea tokeni tatu, yaani makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili mipangilio ya mita, la tatu ndio umeme wenyewe. Kila tokeni ya umeme hubeba muda iliotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ilikuwa inajaa, si Tanzania tu bali kila nchi inayotumia mfumo huo wa tokeni. Kwa nyumba zetu za Magomeni, vyumba sita mita moja, ugomvi ulikuwa wa nani hajachanga. Mita ipi iboreshwe, hilo halikuwa na mjadala.

Halikuwa na mjadala kwa sababu mita ina namba yake ya tarakimu 11. Namba hiyo haimtaji mwenye nyumba wala mpangaji. Mpangaji akihama, yenyewe inabaki ukutani, na tokeni ya mita moja haiingii kwenye nyingine.

Sasa panda kwenye ofisi yoyote ya juu ya maduka Kariakoo, ufungue kabati la mtandao. Swichi imeandikwa “Uhasibu” na wahasibu walishahamishiwa ghorofa nyingine. Rauta inaitwa “Mpya”, imejaa vumbi. Kamera ina jina la fundi aliyeifunga, naye kashaacha kazi. Siku ya kubadili mipangilio, fundi mgeni anazima “Uhasibu” na foleni ya wateja inasimama kaunta. Mbaya zaidi ni nakala za mipangilio: zimehifadhiwa kwa majina hayohayo, kwa hiyo ya kifaa hiki hurudishwa kwenye kile.

Mmarekani Don Libes alionya kuhusu haya mwaka 1990 katika waraka RFC 1178: usiipe kompyuta jina lako, wala la mradi inaoutumikia. Yeye alipendelea majina ya rangi au ya visasili. Kwa ofisi ya mashine nne, sawa. Zikifika arobaini mimi nataka namba kavu, na daftari pembeni linaloeleza kifaa kiko wapi, kinafanya nini na kimewekewa nini.

Mafundi hunijibu kwamba namba haikai kichwani. Ya LUKU nani anaikariri? Imo kwenye simu, au imeandikwa kwa chaki mlangoni. Majina ya utani yaendelee, ilimradi daftari lisiyategemee.

Hoja yao nzito ni nyingine: umeme umerudi kwa kishindo, swichi imeungua, imewekwa nyingine. Je, irithi namba? Hapana. Namba ni ya kifaa na inakufa nacho, kama vile mita ikibadilishwa unavyopewa namba mpya. Kinachorithiwa ni nafasi: “swichi inayolisha kaunta”, pamoja na mipangilio yake. Hivyo ni vitu viwili, na daftari liwe na safu mbili. Wengi huvichanganya, halafu wanashangaa kifaa cha juzi kinaonekana kuwa na miaka saba ya matengenezo.

Mwenye duka, fundi akija kukufungia mtandao, bakiza sehemu ya malipo. Mmalizie akishabandika namba kwenye kila kifaa na kukukabidhi daftari, na ukague vifaa viwili vitatu mbele yake.