Mafuta ya Mjomba

Juma hili nitasema juu ya jahazi lenye urefu wa futi mbili, na juu ya kosa langu mwenyewe.

Mpwa wangu huunda vyombo vidogo vya mbao vya mapambo, kama vile viundwavyo Lamu: mkuku, mataruma, mlingoti na foromali, kila kitu mahali pake. Mteja mmoja alikwisha toa arubuni ya jahazi la kuwekwa sebuleni, akataka ling'ae kama kioo. Fedha zilizosalia kijana alikwisha zipangia karo ya chuo. Mng'aro wa namna hiyo huletwa na epoksi, nayo ni vitu viwili katika makopo mawili: utomvu na kigandishi chake. Vikikutana huanza kuwa vigumu, wala havirudi tena kuwa maji.

Jumamosi nililikuta jahazi limekwisha pigwa msasa, safi na kavu. Nikakumbuka wazee wetu walivyopaka vyombo vyao mafuta ya sifa ili mbao zisipasuke. Nikatwaa kitambaa, nikalipaka mafuta toka omo hata tezi. Kijana alinitazama, akasema tu, "Ahsante, Mjomba." Kesho yake, kwa kuwa siku ya mteja ilikaribia, nikamhimiza atie epoksi adhuhuri, uani, juani.

Jioni tulilikuta limejaa vipele na mashimo. Mahali penye mafuta epoksi ilijikunyata na kukimbia, ikaacha madoa ya duara kama macho ya samaki. Kwingineko, jua lilikuwa limeipasha mbao moto, hewa iliyomo ndani ikatanuka na kutoka, ikanaswa katika epoksi ikawa mapovu.

Nilimwuliza, "Mwanangu, ulijua?" Akainamisha kichwa. "Nilijua, Mjomba. Niliona haya kukukataza."

Neno lile lilinikaa moyoni. Miaka mingi nimewafunza vijana adabu mbele ya wakubwa, na hiyo ni haki. Lakini sikuwafunza kwamba kumwambia mkubwa ukweli kwa upole nako ni adabu. Kijana huyu alikuwa tayari kupoteza karo yake kuliko kuniambia, "Mjomba, hapana."

Basi nilimwomba radhi, nikakaa chini nikawa mwanafunzi wake. Haya ndiyo aliyonifunza, huenda yakamfaa kijana wa nyumbani kwako.

Kwanza tuliikwangua epoksi yote. Tukaifuta mbao kwa spiriti mara kadhaa, kila mara kwa kitambaa kipya, kisha tukapiga msasa namba 120 na baadaye 220. Tukajaribu tone moja chini ya mkuku kabla ya kuendelea. Vipimo hufuatwa kama kopo linavyosema. Kuongeza kigandishi hakuharakishi kazi, bali huacha epoksi laini isiyokauka vyema. Huchanganywa taratibu kwa dakika mbili au tatu, huku ukikwangua pembe za chombo. Huchanganywa kidogo kidogo, maana ikikaa nyingi katika kopo moja hujipasha moto yenyewe na kuganda upesi.

Tulipaka baada ya alasiri, ndani, kivulini, wakati mbao inapopoa, kwa kuwa hapo hewa yake husinyaa na kuivuta epoksi ndani. Mpako wa kwanza ni mwembamba, wa kuziba vinyweleo tu. Asubuhi tuliona utando wa mafutamafuta juu yake, jambo la kawaida katika unyevu wa pwani yetu. Huo huoshwa kwa maji na sifongo kabla ya msasa. Ukiupiga msasa bila kuosha, unausugua uingie ndani. Ikafuata mipako miwili zaidi, kila mmoja ukiisha kukauka, kuoshwa na kulainishwa. Mwisho tukapiga msasa wa maji namba 400, kisha vanishi yenye kinga ya jua, maana epoksi peke yake hugeuka manjano juani.

Glavu na barakoa si za kuachwa. Epoksi mbichi huweza kuiletea ngozi mwasho ambao hurudi kila uigusapo, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji, wala usitumie thina.

Kazi ilichelewa siku sita. Kijana alitaka kumwambia mteja kwamba epoksi ilikuwa mbovu. Nikamwambia, "Sema ni mafuta ya mjomba wako." Akasema hivyo. Mteja alicheka, akangoja, akalipa zote.

Jumamosi iliyopita nilinyoosha mkono kutaka kuligusa jahazi jingine alilokuwa akiunda. Akaniambia, "Mjomba, samahani, mikono yako ina mafuta." Nikaenda kunawa, nami nimefurahi.